DIFU YA NYUMA: IPI INALIPA KWA PIKAPU YA KAZI?

Mfanyabiashara wa mazao anayetegemea pikapu moja anaijua vizuri hesabu ya masika. Gari likikwama kati ya shamba na barabara ya lami, nyanya hazingoji. Mnunuzi wa sokoni huhamia kwa mwingine, vijana wa kusukuma hudai chao, na mwenye gari hubaki na mzigo ulioshuka bei. Ndiyo maana kila mvua zinapoanza, swali la kubadili difu ya nyuma hurudi gereji.

Wiki hii tunaliangalia swali hilo kama suala lingine lolote la mtaji: unanunua nini, kinakuletea nini, na kitajilipa baada ya muda gani. Mfano wetu ni Toyota Hilux yenye ekseli ngumu ya nyuma, gari ambalo siku nyingi hutembea lami na siku chache huingia tope.

Kasoro ya difu ya kawaida

Gari linapokata kona, tairi la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu matairi hayo mawili yazunguke kwa kasi tofauti, huku ikiyagawia nguvu ya kuzungusha kwa usawa. Kwenye lami hilo ndilo linalotakiwa. Kwenye tope, usawa huo unageuka hasara. Tairi lililo penye utelezi huzunguka bure kwa nguvu ndogo sana, na lile lililo penye udongo mgumu hupewa nguvu ndogo hiyohiyo, ambayo haiwezi kusogeza gari lenye mzigo.

Kuwa na 4x4 hakumalizi tatizo. Difu ya mbele nayo kwa kawaida ni ya aina hiyohiyo. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure, gari limesimama.

Njia nne zilizopo

Ya kwanza ni kuchomelea gia ndogo za ndani ya difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja daima. Ni rahisi kuliko zote siku ya kulipa fundi. Lakini kwenye lami kila kona huburuta tairi moja, matairi huisha mapema, usukani huwa mzito na hafu shafti hubeba mkazo usiokwisha hadi siku inapokatika. Kwa gari la kila siku, huu si uwekezaji.

Ya pili ni difu ya kubana, ambayo mafundi huiita LSD. Ndani yake mara nyingi mna sahani za msuguano zinazozuia tairi moja kukimbia mno kuliko jingine. Dereva habonyezi chochote, na lami haimsumbui. Husaidia kwenye changarawe, majani mabichi na tope la wastani. Tairi likining'inia hewani, msaada wake ni mdogo. Sahani hizo huchakaa, na zinahitaji oili maalumu ya difu za aina hiyo. LSD ya mtumba iliyochakaa haina tofauti na difu ya kawaida, ila bei.

Ya tatu ni loki inayojifunga yenyewe. Huyafunga matairi gari linapovuta, na hulifungulia tairi la nje linapotaka kukimbia kwenye kona. Ina nguvu kamili na haina nyaya wala hewa. Ubaya wake ni kwamba hugonga, hushtua gari kwenye kona na hubadili tabia ya gari kwenye lami iliyolowa, hasa likiwa tupu. Dereva aliyeizoea huishi nayo. Gari linalobadilishana madereva watatu ni jambo jingine.

Ya nne ni loki ya swichi, inayofungwa kwa hewa ya kompresa ndogo au kwa umeme. Ikifunguliwa ni difu ya kawaida kabisa. Ikifungwa, matairi mawili huzunguka kama moja. Hii ndiyo inayofaa zaidi gari lenye kazi mbili, lami na shamba. Ndiyo ghali pia, na ina mabomba, nyaya na sili za kutunza. Hufungwa kwa mwendo wa polepole, kabla ya kuingia penye ubaya, na hufunguliwa mara baada ya kutoka. Isitumike kwenye mteremko wa pembeni wenye utelezi: matairi yote mawili ya nyuma yakiteleza pamoja, mkia wa gari hushuka bondeni.

Kabla ya kutoa fedha, angalia chini ya gari lako. Baadhi ya Hilux za 4x4, hasa za kizazi kilichoanza mwaka 2015, zimetoka kiwandani na loki ya nyuma ya umeme. Wapo wenye gari ambao hawajawahi kuigusa swichi hiyo.

Uwiano wa meno ni suala jingine

Wengi huchanganya loki na uwiano. Loki husaidia kupata mshiko. Uwiano wa krauni na pinioni huamua injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa tairi. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 hutoa uwiano wa 4.10. Krauni ya meno 41 na pinioni ya 9 hutoa 4.56.

Aliyebadili matairi kutoka kimo cha inchi 29 hadi inchi 32 ameongeza takriban asilimia 10. Gari linakuwa zito kuondoka, klachi inateseka na gia ya tano haitumiki tena mlimani. Ukizidisha 4.10 kwa 32, ukagawa kwa 29, unapata takriban 4.52. Kwa hiyo 4.56 hurudisha gari karibu na hali yake ya awali. Asiyebadili matairi akaweka 4.56 atapata nguvu ya kupanda, lakini injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika sasa itazunguka zaidi ya 2,200 kwa mwendo uleule. Katika safari ndefu za lami, hilo huonekana kwenye mafuta.

Jambo la kukumbuka ni hili: kwenye 4x4, uwiano wa nyuma na wa mbele lazima ulingane. Ukibadili wa nyuma peke yake, siku utakapoingiza 4x4 matairi yatagombana na kitu kitavunjika. Kubadili uwiano maana yake ni kulipia difu mbili. Loki inaweza kuwekwa nyuma tu.

Hesabu ya mwenye gari

Tuchukue tarakimu za mfano. Tuseme loki ya swichi pamoja na ufundi ni shilingi 4,500,000, na siku moja ya kukwama inakugharimu shilingi 150,000 kwa mzigo kushuka bei, vibarua na safari iliyopotea. Loki hiyo itajilipa baada ya kukuokoa siku 30. Anayekwama siku 15 kwa mwaka amerudisha fedha yake kwa miaka miwili. Anayekwama siku tatu atangoja miaka kumi, na huenda kufikia hapo gari lenyewe limeshauzwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu mmoja, andika kila siku uliyokwama, mahali, na sababu. Kama gari lilikaa tumbo juu ya tope, hakuna difu itakayolisaidia. Tatizo ni kimo. Kama matairi yalikuwa yamekwisha meno, anza na matairi. Kama ni tairi moja lililozunguka bure huku jingine limetulia, hapo difu ndiyo mshitakiwa. Hata hivyo jaribu kwanza dawa isiyo na gharama: vuta breki ya mkono kidogo huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki hiyo hulizuia tairi linalozunguka bure, na nguvu zaidi hufika upande wa pili.

Sokoni

Hilux nyingi zina kichwa cha difu kinachotoka kizima upande wa mbele wa ekseli. Hii ni nafuu kwa mnunuzi: unaweza kununua kichwa cha mtumba kilichokamilika na kukibadilisha bila kupanga meno upya. Lakini kikague. Hesabu meno ya krauni na ya pinioni kwa macho yako, usikubali kuambiwa. Tazama kama ncha za meno zimemeguka au zimebadilika rangi kwa joto. Zungusha pinioni kwa mkono. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Oili yenye rangi ya maziwa ina maana maji yaliingia. Hakikisha meno ya hafu shafti zako yanaingia.

Ukinunua krauni na pinioni mpya, nunua jozi moja iliyotoka pamoja, kisha mtafute fundi mwenye saa ya kupimia. Nafasi kati ya meno kwenye difu nyingi za Hilux za krauni ya inchi 8 ni milimita 0.13 hadi 0.18. Fundi anayepima kwa kutikisa na kusikiliza atakurudishia gari linalolia baada ya wiki, na jozi iliyolia haiponi.

Kazi hiyo kwa kawaida hufungua pia bomba la breki za nyuma, basi gari lisitoke gereji kabla breki hazijatolewa hewa. Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, difu ipoe, kisha usibebe mzigo mzito wala kuvuta tela kwa kilometa 800 za mwanzo. Baada ya hapo mwaga oili na uweke mpya.

Kwa kifupi: asiyekwama mara kwa mara na atunze difu aliyonayo na kununua matairi mazuri. Anayepita changarawe na tope la wastani atatosheka na LSD iliyo nzima. Anayepoteza siku nyingi kila masika, na daftari lake linaonyesha hivyo, loki ya swichi ndiyo yake. Ya kuchomelea tuwaachie wenye magari yasiyotoka shambani.