Kocha aliyelipwa dola moja kwa mwaka

JE, msomaji, ungekubali kufanya kazi kwa miaka 45 kisha mshahara wako wote ukihesabiwa uwe dola 45? Usicheke. Yuko mtu aliyefanya hivyo, na hakuwa mjinga wala hakulazimishwa na yeyote. Jina lake lilikuwa Rod Dedeaux, na kazi yenyewe ilikuwa kuwafunza vijana wa Chuo Kikuu cha Southern California, jijini Los Angeles, mchezo wa besiboli.

Najua besiboli si mchezo wetu. Lakini ikiwa ulisomea shule ya msingi humu nchini, bila shaka uliwaona wasichana wakicheza raunda wakati wa michezo. Basi hapo umekaribia. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu pinzani anaupiga kwa gongo na kutimka mbio akipitia vituo vitatu hadi arudi alikoanzia. Akifika salama, timu yake imepata pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu inaenda upande wa pili. Kila timu hupata zamu 9. Shika hiyo hesabu ya 9, maana tutairudia.

Bw Dedeaux alizaliwa mwaka wa 1914 mjini New Orleans, akalelewa California. Alikuwa nahodha wa timu ya chuo hicho hicho mwaka wa 1935, na mwaka huo huo akachukuliwa na klabu kubwa ya Brooklyn Dodgers. Kila kijana wa Marekani wa siku hizo aliota bahati kama hiyo. Bahati yenyewe ilidumu mechi mbili tu. Mwaka uliofuata aliumia mgongo, na ndoto ya kuwa mchezaji wa kulipwa ikazimika akiwa na miaka 22.

Wengi wangekaa kitako kulalamika. Yeye alichukua dola 500 akaanzisha biashara ya malori. Biashara ikanawiri, na hiyo ndiyo siri ya ile dola moja: alipoombwa mwaka wa 1942 kuishika timu ya chuo, kwa sababu kocha wake wa zamani, Sam Barry, alikuwa ameitwa vitani, hakuhitaji pesa za chuo. Malori yalimlisha, besiboli ikamburudisha. Barry aliporudi kutoka vitani waliiongoza timu pamoja hadi Barry alipofariki mwaka wa 1950.

Hapa nitasema langu. Ni rahisi kumsifu mtu anayefanya kazi bure huku malori yake yakiwa barabarani yakimtafutia riziki. Mwalimu wa michezo wa shule yako, anayebaki uwanjani hadi jioni kisha anapanda matatu kwenda nyumbani bila hata ahsante, anastahili sifa zaidi. Lakini tusimnyime Dedeaux haki yake. Tajiri angeweza kwenda kucheza gofu. Aidha, klabu za kulipwa zilimwita mara kadhaa, akakataa. Alipenda vijana wa chuo.

Tena hakuwapenda kwa kuwabembeleza. Mwaka wa 1964 kijana mmoja wa Fresno, Tom Seaver, alitaka kujiunga na timu yake. Seaver alikuwa amemaliza shule ya upili akiwa mdogo wa mwili, hakuna chuo kikubwa kilichomtazama mara mbili. Alikuwa amefanya kazi ya kubeba masanduku ya zabibu kavu, akaenda jeshini, akarudi na mabega mapana. Dedeaux hakumpa msaada wa karo papo hapo. Alimtuma kwanza Alaska, kule kwenye baridi, akacheze msimu wa kiangazi na timu ya Fairbanks ili aonyeshe uwezo wake. Kijana akaenda, akarusha mpira, akaupata msaada. Mwaka wa 1969 aliiongoza New York Mets kuwa mabingwa, na kabla ya kustaafu alishinda mechi 311. Sijui ni wazazi wangapi kati yetu wangemruhusu mtoto asafiri mbali hivyo kwa ahadi ya pengine.

Makosa ya mkono, kama mpira kuponyoka, Dedeaux aliweza kuyasamehe. Kosa la kutofikiri hakulivumilia. Aliwaambia vijana wasirudie kosa lile lile hata mara moja. Ukiisoma sentensi hiyo polepole utaona haina maana, lakini vijana wake walimwelewa vizuri sana.

Sasa turudi kwenye zile zamu 9. Mwaka wa 1973, huko Omaha, timu ya Dedeaux ilikutana na Minnesota katika nusu fainali ya vyuo. Mrushaji wa Minnesota alikuwa jitu la karibu mita mbili, Dave Winfield, ambaye mwaka huo huo aliitwa na klabu za besiboli, mpira wa vikapu na kandanda ya Kimarekani pia. Siku hiyo aliwatoa wapigaji 15 bila wao kuugusa mpira. Zamu ya mwisho ilipofika, Minnesota ilikuwa ikiongoza 7-0. Mashabiki wengine walikuwa wameanza kutafuta funguo za magari. Vijana wa Dedeaux walipiga mpira mmoja, wakapiga wa pili, Winfield akachoka, akaondolewa, na wao wakaendelea kupiga. Walipata pointi 8 katika zamu moja. Mechi ikaisha 8-7, kisha wakaishinda Arizona State katika fainali na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo. Mwaka wa 1974 walitwaa wa tano.

Kwa jumla Dedeaux alipata ubingwa wa taifa mara 11. Wa kwanza, mwaka wa 1948, waliupata kwa kuishinda Yale, ambayo nahodha wake alikuwa George Bush, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka wa 1989. Makocha wanaomfuata, Augie Garrido na Skip Bertman, wana 5 kila mmoja.

Lakini usidhani maisha yake yote yalikuwa vifijo. Baada ya ubingwa wa 1978 hakuifikisha tena timu Omaha. Mwaka wa 1984 alipewa timu ya Marekani katika Olimpiki iliyofanyika jijini mwake, Los Angeles, ikiwa na vijana hodari kama Mark McGwire, na wote wakatarajia ushindi. Japani ikawashinda 6-3 katika fainali, mbele ya watu wa nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 70. Alirudi chuoni, akafunza misimu miwili zaidi, akastaafu mwaka wa 1986 akiwa na ushindi 1,332.

Alifariki Januari 2006 akiwa na miaka 91. Vijana waliopita mikononi mwake walikuwa wengi mno hata majina hayangeshikika, na yeye alikuwa na dawa ya jambo hilo tangu zamani. Awe mchezaji nyota, mwandishi wa habari au mgeni aliyekutana naye mlangoni, wote aliwaita jina moja: Tiger.