Bunyakiri: Mubirizi, dawa chungu ya kupanda kando ya nyumba

Mtoto akichemka mwili usiku na kituo cha afya kiko mbali, jamaa nyingi za Kivu Kusini hukumbuka kwanza mti mmoja: mubirizi. Majani yake ni machungu kupita kiasi. Wazee huyatumia kwa homa, kwa tumbo linalouma, kwa minyoo, na hata kwa mbuzi asiyetaka kula.

Huko Bunyakiri, wilayani Kalehe, kilometa karibu 80 kutoka Bukavu kwenye barabara ya taifa nambari 3, kuna sababu mbili za kuuangalia mti huu kwa makini. Kwanza, eneo hili lina joto kuliko milima ya Kabare na Walungu, mvua ni nyingi na mbu wa malaria hawakosi. Pili, liko kando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mahali ambapo sheria inakataza kukata miti na kung'oa mizizi. Mwenye kutafuta dawa ya kienyeji ana njia mbili: kuingia msituni kwa kujificha, ao kupanda mwenyewe. Na mubirizi ni kati ya miti ya dawa iliyo rahisi sana kupanda.

Mti wa Afrika nzima

Wataalamu wa mimea wanauita Vernonia amygdalina. Ni mti mdogo wa Afrika, mara nyingi wa meta mbili mpaka tano, wenye matawi mengi na maua madogo meupe ambayo nyuki wanayapenda. Rwanda na Burundi wanauita umubirizi, Waganda mululuza. Huko Nigeria, Wayoruba wanauita ewuro na Waigbo onugbu. Kameruni, majani ya vernonia yanasuguliwa, yanaoshwa na kuchemshwa mpaka uchungu upungue, kisha yanapikwa pamoja na karanga: ndiyo mboga yenye sifa inayoitwa ndolé. Kwa hiyo mahali pengine mti huu ni chakula kabla ya kuwa dawa.

Nguvu yake haikujulikana na watu peke yao. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, ngambo ya Ziwa Tanganyika ukitazama kutoka upande wa Kalemie, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua mimea ya kwao, walimfuata sokwe jike mgonjwa. Sokwe huyo, ao sokomutu kama wengi wanavyomuita huku Kongo, alikata tawi changa la mti huu, akatoa ganda na majani, akatafuna ute wa ndani na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Watongwe waliujua mti huo kama dawa ya tumbo tangu zamani. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989. Baadaye, sokwe mwingine alifuatwa namna hiyo hiyo, na mayai ya minyoo katika mavi yake yalipimwa: kwa muda wa saa 20 hivi yalishuka kutoka 130 mpaka 15 kwa kila gramu.

Kuna somo la pili katika hadithi hiyo. Sokwe hawali majani wala ganda la mti huo wanapojitibu. Wanachukua ute wa ndani tu, tena kidogo. Wanakemia wa Japani waliopima sehemu mbalimbali walikuta kwamba majani na ganda vina kwa wingi kitu kinachoitwa vernodalini, ambacho kikizidi ni sumu. Mti unaoponya unaweza pia kuumiza, na tofauti iko katika kipimo.

Namna ya kupanda

Mubirizi unaweza kuota kwa mbegu, lakini njia hiyo ni ya polepole. Mbegu huchukua wiki mbili mpaka tatu kuchipuka katika kitalu, kisha miche hukaa humo wiki nne mpaka sita kabla ya kuhamishwa. Njia ya haraka, ambayo mkulima wa mihogo ataielewa bila kufundishwa, ni ya vijiti.

Kwanza, chagua mti mama. Uwe mzima, hauna majani yenye madoa wala wadudu, na ujulikane kweli kuwa ni mubirizi. Mimea ya jamii ya vernonia ni mingi na inafanana. Asiye na uhakika aombe kijiti kwa jirani ambaye mti wake unatumika tangu miaka.

Pili, kata vijiti vya sentimeta 20 mpaka 30 kwenye tawi lililokomaa. Tawi changa la kijani linaoza, na tawi nene la zamani linachelewa kuchipuka. Kila kijiti kiwe na vifundo vitatu ao zaidi, kwa sababu chipukizi na mizizi vinatokea hapo. Tumia panga ao kisu kikali ili usiponde ganda.

Tatu, panda siku hiyo hiyo ao kesho yake. Kiingize kijiti udongoni kwa kukilaza upande, kama nyuzi 45, nusu yake ikae chini. Usikigeuze: vichwa vya vifundo vitazame juu. Kijiti kilicholazwa hutoa chipukizi nyingi kuliko kilichosimama wima.

Nne, acha nafasi. Kwa uzio, nusu meta kati ya kijiti na kijiti inatosha. Uzio wa meta 20 unaomba vijiti 40 hivi. Kwa miti ya kuvuna majani kwa wingi, meta moja ni bora.

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mwezi wa tisa, pale watu wanapoanza kulima. Mubirizi unapenda jua na hauchagui sana udongo, lakini haupendi maji yanayotuama kwenye mizizi. Mahali pa mteremko, vijiti vikipandwa kwa mstari unaokata mteremko, mizizi yake inasaidia kushika udongo. Samadi kidogo ya mbuzi inaharakisha majani. Palizi inahitajika miezi ya kwanza. Kisha kivuli cha mti chenyewe kinazuia majani mabaya.

Kuvuna bila kuua mti

Kwa miezi miwili ao mitatu baada ya kupanda, majani ya kwanza yanaweza kuchumwa. Anza na majani ya chini, acha ncha ikue. Mti ukifika kimo cha mtu, ukate juu: utatoa matawi mapya pembeni, na matawi hayo hayo ndiyo vijiti vya kuwapa majirani. Mti mmoja ukitunzwa hivi unaweza kuvunwa kwa miaka mingi.

Majani ya kuhifadhi yakaushwe kivulini, yametandazwa kidogo kidogo juu ya mkeka ao ubao safi na kugeuzwa kila siku. Jua kali linayachoma, na moshi wa jikoni unayaharibu. Katika unyevu wa Bunyakiri adui mkubwa ni ukungu. Jani lenye harufu ya kuoza ao lenye unga mweupe litupwe.

Malaria: hesabu ambayo kila mzazi aijue

Je, mubirizi unaponya malaria? Swali hili lilipimwa juu ya wagonjwa wenye malaria isiyo kali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na watafiti Challand na Willcox. Siku ya 14, wagonjwa 67 kwa 100 walikuwa na hali nzuri. Mtu akisimama hapo, atasema dawa imepatikana.

Lakini damu ilisema mengine. Kati ya hao waliojisikia vizuri, ni 32 tu kwa 100 ambao vijidudu vya malaria viliisha katika damu yao. Na kati ya hao wachache, kwa 71 kwa 100 vijidudu vilirudi. Ukipiga hesabu yote pamoja, katika wagonjwa 100 wanabaki karibu sita tu waliosafishika kweli.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mubirizi unaweza kupunguza homa na kumfanya mtoto aombe chakula, huku vijidudu vikiendelea kuzaana katika damu. Mzazi anaona nafuu, anangoja siku mbili, tatu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, siku hizo zinaweza kutosha ili malaria ipande kwenye ubongo ao imalize damu. Kwa hiyo homa ya mtoto ni ya kupelekwa kwenye kituo cha afya, apimwe kidole na kupewa dawa ya mchanganyiko wa artemisinini, hata kama ametulia baada ya kunywa maji machungu. Mtoto anayetetemeka kwa degedege, anayetapika kila kitu ao anayeshindwa kuamka hapaswi kungojeshwa hata saa moja nyumbani.

Artemisinini yenyewe ilitoka kwenye jani. Mwaka 1972, kundi la Tu Youyou huko China liliitoa katika artemisia ya kwao, na mwaka 2015 mama huyo akapata tuzo la Nobel. Lakini kazi yake ilikuwa kukitoa kitu chenye nguvu na kukipima, gramu kwa gramu. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kwamba halikubali chai ao unga wa artemisia kwa kutibu wala kuzuia malaria: kipimo chake hakijulikani.

Wengine pia wajihadhari. Mama mwenye mimba asinywe mubirizi, kwa sababu unaweza kusukuma mfuko wa uzazi. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia vidonge amuulize muuguzi kwanza, kwani majani haya yanaweza kushusha sukari, na yakijumlishwa na dawa yanaweza kuishusha kupita kiasi.

Shamba lilinde msitu

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na mwaka 1980 ikaandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ugomvi kati ya hifadhi na wakaaji wa kandokando juu ya ardhi na kuni haujaisha, na dawa za kienyeji ni sehemu ya ugomvi huo.

Mfano mmoja unatoka Kenya, kando ya msitu wa Kakamega. Wakulima wa kundi la Muliru, wakisaidiwa na kituo cha utafiti icipe, walianza kupanda katika mashamba yao mmea wa dawa wa jamii ya kashwagara, Ocimum kilimandscharicum. Mafuta ya majani yake yanatengenezwa kuwa dawa ya kupaka kwa mafua na maumivu, iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kundi hilo lilipata Tuzo la Ekweta la Umoja wa Mataifa, kwa kuonyesha kwamba mtu anaweza kupata pesa kwenye mmea wa dawa bila kuharibu msitu.

Bunyakiri haina kiwanda, na barabara ya kwenda Bukavu inajulikana kwa matope yake. Lakini hatua ya kwanza haiombi kiwanda wala barabara. Inaomba vijiti na siku moja ya mvua. Uzio wa mubirizi unawapa jamaa majani, mbuzi dawa ya minyoo, nyuki maua, na kumwondolea mganga sababu ya kuvuka mpaka wa hifadhi. Kazi moja tu usipewe: kukaa mahali pa kipimo cha damu wakati mtoto anachemka.