Biashara Yako Inakulisha, au Wewe Ndiye Unayeilisha?

Kwenye barabara inayopita Kavimvira, mjini Uvira nchini Kongo, kuelekea mpaka wa Gatumba nchini Burundi, biashara ndogo zimepangana bega kwa bega: ndagala kavu kwenye masinia, mawese kwenye chupa, mikate, sabuni, vitenge vilivyokunjwa juu ya meza. Nyingi zina miaka kadhaa pale pale, kwa ukubwa ule ule. Muulize mwenyewe mambo yanaendaje, atakujibu, "Tunasukuma tu." Akiwa peke yake usiku anajiuliza swali lililo zito zaidi: niendelee, au niache?

Washauri hawakosekani. Mmoja atamwambia haba na haba hujaza kibaba. Mwingine atamwambia anapoteza muda, ahamie bidhaa inayotembea. Wote wawili wameshauri kabla ya kuona hesabu. Kwa macho, biashara inayokua polepole na biashara inayokufa polepole ni mapacha. Utazitofautisha ukifuatilia pesa kati ya meza ya biashara na chungu cha nyumbani: nani anamlisha mwenzake?

Pima kwa giza, usipime kwa tarehe

Tuchukue ndagala, kwa kuwa ndiyo biashara ya Ziwa Tanganyika lenyewe. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta pale tu anga likiwa na giza; mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo muuzaji wa ndagala ana siku nyingi za kuuza na siku kadhaa za kukaa bure katika kila mzunguko wa mwezi wa angani. Kuna pia mvua: ndagala anayekauka vizuri kwa jua la kiangazi anaweza kuoza kwenye mchanga wenye maji mwezi wa Machi. Anayelinganisha wiki ya mbalamwezi na wiki ya giza, au Machi na kiangazi, atakata tamaa bila sababu au atafurahi bila sababu. Linganisha mzunguko mzima na mzunguko mzima, na masika ya mwaka huu na masika ya mwaka jana.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia, wewe utaweka zako. Mama mmoja ana mtaji wa dola 200 anaouzungusha mara kadhaa. Katika mzunguko mmoja ameuza ndagala za dola 520. Kununua samaki wabichi kumekula 380. Chumvi, mifuko, wabebaji, usafiri, kodi ya soko na malipo ya mpakani vimekula 60. Zimebaki 80. Katika siku hizo hizo, unga, mkaa, dawa na ada ya shule vimechukua 95 kutoka kwenye pochi ile ile. Mtaji umeshuka hadi 185, naye anasema biashara haiendi.

Biashara yake inaenda. Imezalisha dola 80; nyumba imechukua 95. Kama alifanya kazi siku 24, kila siku ilimlipa zaidi kidogo ya dola tatu. Swali linalofuata ni la ukweli mtupu: je, kuna kazi nyingine anayoweza kuipata kesho asubuhi, si ya kuotea, itakayomlipa zaidi ya hapo? Kama haipo, kuacha kutampunguzia kipato. Anachohitaji ni kuzuia zile 15 zinazovuja.

Jirani yake ameuza vilevile 520, lakini gharama zake ni 530. Pengo hulijaza kila mara kwa pesa anayotumiwa na kaka yake. Meza yake imejaa, wateja hawamwishii, na mtaa mzima unamwona amefanikiwa. Huyu ndiye aliye hatarini, kwa sababu kila anapouza zaidi anapoteza zaidi, na nyumba ndiyo inayoilisha biashara.

Mtaji unaoliwa

Pesa ya biashara kuliwa na nyumba si jambo la Uvira peke yake. Mwaka 2008 wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Sri Lanka, ambako wenye biashara ndogo waliochaguliwa kwa bahati nasibu walipewa mtaji wa bure. Kwa wanaume mtaji ulizaa faida nzuri. Kwa wanawake, wastani wa faida ulikuwa kama sifuri. Wengi wakahitimisha haraka kwamba biashara za wanawake hazikui. Mwaka 2019 watafiti wengine walizirudia takwimu hizo, pamoja na za India na Ghana, na kuona kwamba pesa za mwanamke mara nyingi ziliishia kwenye biashara ya mume. Mwanamke aliyekuwa mfanyabiashara pekee nyumbani mwake alipata faida isiyopishana na ya wanaume.

Funzo lake ni hili: kabla ya kuilaumu biashara, angalia pesa ilikokwenda. Dawa ni kujilipa mshahara. Amua kiasi maalumu ambacho nyumba itapewa kila wiki, kiandikwe, na kinachozidi kibaki kwenye mtaji au kwenye sanduku la AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa. Mume au ndugu akihitaji, akope na aandikwe kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote.

Hesabu kwa sarafu isiyokudanganya

Mfanyabiashara wa Kavimvira huamka na sarafu tatu: franka ya Kongo, franka ya Burundi na dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000 za Kongo. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imepita 2,600. Aliyekuwa na franka 400,000 akafikisha 480,000 alijiona amekua kwa asilimia 20. Kwa dola, alitoka 200 akashuka chini ya 185. Upande wa pili, Mei 2023 Burundi iliishusha thamani franka yake kwa zaidi ya robo kwa siku moja, na aliyekuwa amelaza akiba kwa sarafu hiyo aliumia bila kuuza chochote. Uza kwa sarafu ya mteja, lakini mtaji upime kwa dola, au kwa bidhaa yenyewe: ulikuwa unanunua mabeseni mangapi, sasa unanunua mangapi?

Pigo au ugonjwa?

Biashara za hapa zimepigwa sana. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuua watu, na mwaka huo huo mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia majumbani. Desemba 2025 vita vikafika Uvira kwenyewe. Nchi nne za ziwa nazo zimekubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kwa mwenye kuuza ndagala huo ni msimu wa kupangiwa mapema.

Pigo humwangusha kila mtu sokoni, na likipita, walio wazima huinuka. Kipimo basi ni wenzako: mpaka ulipofunguliwa, wauzaji wa bidhaa kama yako walirudi katika hali yao baada ya mizunguko mingapi, na wewe je? Kama wote bado wako chini, subiri na punguza gharama. Kama wao wameinuka na wewe umebaki, tatizo liko kwenye bei yako, bidhaa yako au mahali pako, na subira haitalitibu.

Andika kikomo ukiwa umetulia

Kinachowafunga wengi ni walichokwisha kukitoa: "Miaka yote hii, niache leo?" Miaka hiyo imekwisha kutumika, uendelee au usiendelee. Swali halali ni kama dola yako ijayo na siku yako ijayo zitazaa zaidi hapa kuliko kwingine.

Kwa hiyo andika kikomo sasa, mbele ya mtu mmoja unayemwamini, chenye kiasi na muda. Kwa mfano: "Mtaji ukishuka chini ya dola 120 kwa mizunguko mitatu mfululizo bila mpaka kufungwa wala ziwa kufungwa, naacha ndagala." Kuacha nako kuna ngazi: waweza kupunguza mzigo nusu, kubadili bidhaa huku ukibaki na wateja wako, au kugawana gharama za usafiri na mwenzako. Usikope hadi ujue kila beseni linakuachia nini. Mkopo hukuza faida, na hasara pia hukuzwa nao.

Na kama hesabu itaonyesha kwamba unajilipa, mtaji unarudi mzima kila msimu, na hakuna kazi ya karibu inayolipa zaidi, basi acha kuiombea biashara yako radhi. Kulisha nyumba nzima katika mji uliopitia yote hayo ni kazi kamili. Ikikua, vema, ikibaki ilivyo, endelea nayo.