Kahawa ya Asubuhi kwa Ajili ya Wagonjwa Wetu



Kila tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Siku hii iliwekwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Parokiani huwa tunapata Misa na Mpako wa Wagonjwa, na wachache hugawiwa sabuni na sukari. Kisha tunaagana mpaka mwaka mwingine. Napenda kuwashauri akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya ndogondogo jambo moja la kuongeza, siku hiyo au Jumamosi yoyote: kuwakaribisha majirani kunywa kahawa asubuhi, na kila mmoja kuacha chochote kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa.

Desturi hii inajulikana sana Uingereza. Huko liko shirika la Macmillan, lililoanzishwa mwaka 1911 na Douglas Macmillan baada ya baba yake kufariki kwa saratani. Tangu mwaka 1990 watu wanaolisaidia hufanya asubuhi ya kahawa, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba. Mtu huwaalika wenzake nyumbani, kazini au kanisani, huandaa kahawa na keki, na wageni hutia fedha katika kopo. Sehemu ya fedha hizo husaidia kazi ya wauguzi wanaowahudumia wenye saratani. Hakuna hotuba ndefu wala mgeni rasmi.

Kwetu jambo hili halina ugeni mkubwa. Watu wa pwani wamekunywa kahawa chungu barazani tangu zamani, na Bukoba mgeni hupewa buni za kutafuna. Huku Kilimanjaro mibuni ililetwa na wamisionari, nasi tumeilima miaka yote hiyo, ingawa nyumbani tunakunywa chai na kahawa tunaiuza! Kilo moja ya kahawa iliyosagwa hutoa vikombe kama 100. Kwa watu 40, kila mmoja vikombe viwili, maji lita 15 yatosha. Maandazi, vitumbua na kashata kila mama alete vyake, ili mfuko usianze na deni.

Kwa nini tuchange? Kwa harusi tunachanga kwa kadi na vikao. Akifa mtu, rambirambi hufika siku hiyo hiyo. Lakini mama aliyeandikiwa kwenda Ocean Road, Bugando au KCMC hukaa nyumbani miezi akitafuta nauli, na saratani haimsubiri. Hata pale tiba inapopatikana kwa bima au kwa msamaha, tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa na msindikizaji wake hawana budi kula na kulala mahali. Wapo pia walio kitandani nyumbani, wanaohitaji glavu, sabuni, pamba, na vidonge vya metronidazole ambavyo muuguzi huelekeza visagwe na kunyunyizwa juu ya kidonda kinachonuka. Ni vitu vya bei ndogo, lakini harufu ikipungua mgonjwa hukubali tena kukaa na watu.

Kwa hiyo semeni mapema fedha ni za nini. Msiseme “kwa ajili ya wagonjwa” tu. Semeni “nauli ya wagonjwa wawili na wasindikizaji wao kwenda hospitali ya rufaa”. Watu hutoa zaidi wanapojua. Kopo lifunguliwe mbele ya wote kabla wageni hawajaondoka, wahesabu watu wawili wasio wa nyumba moja, kiasi kiandikwe na kusomwa. Tuseme watu 40 wametoa shilingi 2,000 kila mmoja, hizo ni 80,000. Mwezi unaofuata mweka hazina aeleze zimetumikaje. Nimeona michango mizuri ikifa kwa sababu hesabu ilibaki mfukoni mwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo hakuiba kitu.

Jina la mgonjwa lisitangazwe pasipo ruhusa yake. Wala asiketishwe mbele ili atazamwe. Kama anapenda kuja, aje kama mgeni mwingine, anywe kwa kikombe kile kile wanachotumia wengine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi nimekuta kikombe na sahani ya mgonjwa vimetengwa. Saratani haiambukizi kwa kikombe, kwa jasho wala kwa kulala chumba kimoja. Mgonjwa akiona majirani wanakunywa naye, na majirani wakaona hakuna aliyedhurika, mmefanya kazi ambayo sisi wauguzi tungeihubiri mwaka mzima bila kuaminiwa.

Sasa kuhusu kahawa yenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kosa si la kahawa, ni la moto wake, na chai na uji vimo humo humo. Saratani hii ni ya kawaida katika Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia. Basi mimineni kahawa, kisha iacheni dakika 5 hadi 10. Ikiwa bado unalazimika kuipuliza na kuivuta kwa mdomo, haijawa tayari. Mama mjamzito asizidishe vikombe viwili kwa siku, na asimeze vidonge vya damu kwa kahawa wala chai, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Na pawe na ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia, maana kipindupindu hakibagui shughuli ya hisani.

Katikati ya asubuhi mwombeni muuguzi wa zahanati au kituo cha afya azungumze robo saa. Ataje dalili bila kuzungusha maneno: kutoka damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uchafu unaonuka ukeni, uvimbe kwenye titi hata kama hauumi, chakula kukwama kooni, kidonda kisichopona. Aeleze kwamba uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kupaka siki ni wa dakika chache, na dalili za mwanzo zikionekana hutibiwa kabla hazijawa saratani. Chanjo ya kuzuia saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na sasa hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Haifungi kizazi. Akina baba nao waalikwe, kwa maana mara nyingi wao ndio wenye neno la mwisho juu ya nauli.

Mkimaliza, chupa za kahawa zikiwa bado na joto, wawili watatu waende kwa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Kwa mwenye saratani ya umio msipeleke maandazi. Mpelekeeni uji mwepesi au maziwa yaliyopoa kiasi, anywe kidogo kidogo akiwa ameketi, na abaki ameketi nusu saa kabla ya kulala tena.