Bunduki ya Shambani: Ipime Begani Kwanza

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa mtu akilima ekari mbili za mahindi, ekari moja ni yake, na ya pili hajui ni ya nani mpaka siku ya kuvuna. Nguruwe-mwitu huja usiku, kundi zima, mama na watoto, na asubuhi utakuta mabua yamelala chini kana kwamba umepita upepo mkali. Muhogo nao huchimbuliwa. Ndiyo sababu watu hulala shambani kwenye madungu, wakigonga madebe hadi alfajiri.

Tena nguruwe hawaji peke yao. Mwaka 2005 wataalamu wa wanyama waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Waligundua pia kwamba mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, na mahali ambapo nguruwe-mwitu ni wengi lakini wanyama wengine wa kuliwa na simba ni wachache. Simba humfuata nguruwe shambani; akimkosa, humkuta mlinzi wa shamba.

Basi si ajabu watu kutaka bunduki. Mimi ni karani, na wengi huja kwangu niwaandikie barua ya maombi. Nikiwauliza wanataka bunduki ya namna gani, karibu wote hujibu jambo moja: “Karani, andika ile kubwa kuliko zote.” Hapo huweka kalamu chini, nikamwambia mzee wangu aketi kwanza tuzungumze.

Kama shida yako ni nguruwe tu, huhitaji kubwa. Bunduki ya marisau, ile shotigani, inatosha kabisa kwa hatua 20 au 30, ikipakiwa marisau makubwa. Lakini kama kijiji kipo kando ya pori, ambako siku moja ni nguruwe na siku ya pili ni nyati au simba, hapo ndipo raifo ya ukubwa wa kati ina kazi yake. Nieleze maana ya “ukubwa wa kati”. Bunduki za aina hii hupimwa kwa unene wa risasi. Mbili zimejulikana sana Afrika. Ya kwanza ni ya milimita 9.3, iliyobuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin. Aliitengeneza iingie katika bunduki ya kawaida ya Mauser, ili walowezi wa Kijerumani wa Afrika wapate silaha ya bei nafuu. Ya pili ni .375 ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912, ambayo risasi yake ina unene wa milimita 9.5 hivi. Risasi ya 9.3 huwa na uzito wa gramu 18 na nusu, na ya .375 gramu 19 na kidogo. Tofauti si kubwa. Katika nchi nyingi za Afrika .375 ndiyo iliyowekwa kuwa ndogo kuliko zote kwa wanyama wa hatari, kwa hiyo uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kutoa fedha yako.

Zipo kubwa kuliko hizo. Lakini sikia habari za Frederick Selous, yule Mwingereza ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba lililo jirani yetu, na ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika, miaka ya 1870, alitumia bunduki nene mno za kushindiliwa baruti mdomoni. Tembo walikufa. Ila teke la bunduki hizo lilimtingisha hata akazoea kushtuka kabla ya kufyatua, na baadaye aliandika kwamba alijuta kuzitumia, kwa kuwa zilimharibia shabaha. Huyo alikuwa mwindaji hodari, kijana mwenye nguvu. Sembuse mimi na wewe, tunaopiga risasi tano kwa mwaka?

Sasa nikuambie la nyumbani. Mjomba wangu alipata kwa halali raifo ya 9.3 iliyokwisha kutumika, nzuri, mtutu safi. Aliifunga nyuma ya baiskeli kutoka Nachingwea mpaka kwake Ruangwa, na unaijua barabara. Juma lililofuata wakasaka nguruwe mchana na mbwa, mimi nikiwa nyuma yao. Dume likatoka kichakani, hatua kama 30. Mjomba akapiga, na risasi ikavunja mguu wa nyuma. Tulifuata damu mpaka jua kuchwa, kesho yake tena, na lile dume lilipotoka majanini lilimpasua muundi kijana aliyekuwa mbele. Alilala hospitali majuma matatu. Mjomba akasema ni bahati mbaya. Fundi alipoitazama bunduki akaona si bahati: skrubu zinazofunga chuma kwenye mti zilikuwa zimelegea, na lile pengo la nyuma la kulengea lilikuwa limesogea kando. Bunduki ilipiga pale ilipoelekezwa. Mwenyewe ndiye hakujua inaelekea wapi. Katika mwaka mzima wa kufuatilia leseni, hakuwa ameipiga kwenye karatasi hata mara moja.

Basi ukiwa dukani, kwa mwuzaji mwenye leseni, anza na kitako. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi. Fumba macho, iweke begani kama unavyozoea, kisha fumbua. Jicho lako sharti likute chembe ya mbele imekaa ndani ya pengo la nyuma bila kuinua wala kuinamisha shingo. Ikiwa unaona chuma kitupu, kitako kiko chini mno kwako. Ikiwa chembe inaelea juu ya pengo, kiko juu mno. Kitako kirefu hukwama kwapani, hasa ukiwa umevaa koti la mvua, na kifupi hukupiga kidole gumba puani. Fundi anaweza kukata mti au kuongeza kipande cha mpira, na kazi hiyo haina gharama kubwa. Usidanganywe na bunduki nyepesi. Ni tamu kubeba, lakini teke lake ni chungu. Ya kilo nne hivi ni ya kiasi.

Darubini je? Kwenye vichaka vyetu mnyama huonekana karibu, mara nyingi chini ya hatua 60. Pengo pana la nyuma na chembe nyeupe ya mbele vinatosha, na alfajiri chembe nyeupe huonekana vizuri. Ukiweka darubini, iwe ya kukuza kidogo tu, nayo ifungwe imara. Wala usiamini wanaosema kwamba risasi nzito hukata vijiti na kuendelea na safari yake. Hakuna risasi ya kuaminika hivyo. Kijiti chembamba kinaweza kuipotosha. Ngoja upate uwazi.

Kisha inakuja kazi ambayo wengi huiruka. Kwa idhini ya polisi, mahali palipokubaliwa, penye ukingo mrefu wa udongo nyuma, bandika karatasi mita 25. Keti, egemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, piga risasi tatu polepole, na tazama zilipokusanyika. Moja haikuambii kitu. Zikiwa pamoja lakini kulia, sogeza pengo la nyuma kushoto. Pengo la nyuma hufuata njia unayotaka risasi iende, na chembe ya mbele huenda kinyume chake. Zikiwa chini, chembe ya mbele yaweza kupunguzwa kwa tupa, lakini hiyo mwachie fundi, maana kilichopigwa tupa hakirudi. Zikitawanyika ovyo, usiguse kitu kabla hujakaza skrubu. Halafu rudi mita 50, umalizie hapo, na upige tatu za mita 100 ujue tu zinashuka kiasi gani. Tumia risasi zile zile utakazowindia, zenye ncha laini kwa nguruwe na simba. Ukibadili aina, anza upya. Na kabla ya kununua, uliza kama risasi zake zinapatikana na kwa bei gani, kwani bunduki isiyo na risasi ni mchi, tena mchi wa gharama.

Juu ya leseni, jua kwamba ziko mbili. Ya kumiliki silaha hupitia kijijini na polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ya kuwinda ni nyingine, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ambayo pia inakataza kuwinda usiku. Tembo usimguse, mwite ofisa wa wanyamapori. Ukimwua mnyama kwa kujihami, toa taarifa mara moja. Nyumbani, bunduki ikae imefungwa, na risasi zifungiwe mahali pengine, ufunguo usijulikane kwa watoto.

Mjomba siku hizi haifungi tena kwenye baiskeli. Huivingirisha katika blanketi na kuibeba mgongoni, na kila mwaka kabla ya mahindi kukomaa huomba idhini, akapiga risasi tatu kwenye karatasi. Mwaka jana zilikuwa zimesogea upana wa vidole viwili.