Lenzi ya Jicho: Tumuulize Mzee Kwanza

Siku za karibuni familia moja ya mtaani kwetu iliiletea kamati ya msikiti ombi la mchango. Baba yao, mzee wa safu ya kwanza, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Watoto walikwisha kuamua kwamba awekewe lenzi ya masafa mengi, yenye bei kubwa kuliko ya kawaida, ili asivae miwani tena. Nia yao ilikuwa njema. Lakini tulipoketi kulijadili ombi hilo, tulibaini kwamba hakuna aliyemuuliza mzee mwenyewe anataka kuona nini.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya asili ya jicho, na ndio sababu kuu ya upofu duniani. Ugonjwa huu hauondoki kwa dawa ya matone. Tiba yake ni upasuaji. Elimu hiyo si ngeni kwa Waislamu. Yapata miaka elfu moja iliyopita, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri, aliandika namna ya kuufyonza ukungu huo kwa sindano yenye uwazi ndani. Mwaka 1949, Dk. Harold Ridley wa London akaweka kwa mara ya kwanza lenzi ya bandia mahali pa ile iliyoondolewa.

Lenzi ya kawaida huona vyema umbali mmoja tu. Aghalabu huchaguliwa umbali wa mbali, na mgonjwa akavaa miwani ya kusomea. Lenzi ya masafa mengi huugawa mwanga: sehemu kwa vitu vya mbali, sehemu kwa vya karibu. Wengi waliowekewa hupunguza sana haja ya miwani. Lakini mwanga uliogawanywa una gharama yake. Usiku baadhi yao huona duara za nuru kuzunguka taa, na katika giza hafifu vitu havibainiki vizuri. Wengi huzoea baada ya miezi kadhaa. Wachache hawazoei, na kuibadilisha lenzi ni upasuaji wa pili wenye hatari zaidi.

Jirani yetu mmoja aliyekwisha kuwekewa lenzi hiyo alitupa ushahidi wake. Anasoma msahafu bila ya miwani, na kila akiufungua humshukuru Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, ameacha kuendesha gari baada ya Isha, kwani taa za magari yanayomkabili humjia kama maua yaliyochanua. Hajuti, alichosikitikia ni kutoambiwa mapema.

Tuliwashauri wale watoto wamrudishe baba yao kwa daktari wakiwa na maswali. Uchunguzi ulionyesha kwamba kisukari kilikwisha kudhuru retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, na kwa baadhi ya wenye presha ya macho, lenzi inayougawa mwanga kwa kawaida haishauriwi, kwa sababu uwezo wa jicho lake wa kubainisha vitu umekwisha kupungua tangu awali. Mzee naye alipoulizwa alijibu kwa upole: "Wanangu, miwani nimeizoea miaka mingi. Ninachotaka ni kuziona ngazi za msikiti Alfajiri."

Akawekewa lenzi ya kawaida, jicho moja kwanza, kisha la pili. Siku za mwanzo alisali ameketi, akirukuu na kusujudu kwa ishara, kama daktari alivyomtaka asiiname na kama dini inavyomruhusu mgonjwa. Sasa huja Alfajiri bila ya kushikwa mkono, miwani yake ya kusomea ikiwa mfukoni.

Ndugu zetu, kuwahudumia wazazi ni ibada, na katika huduma hiyo imo kuwasikiliza. Kabla ya kukusanya fedha, muulizeni mzee: anasoma kwa muda gani? Anatembea au anaendesha usiku? Kisha muulizeni daktari: je, retina yake ni nzima? Na taa za usiku ataziona vipi? Lenzi ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo inayomfaa, wala miwani si aibu kwa aliyerejeshewa nuru ya macho yake.