JOKA MWENYE NJAA: MCHEZO WA TELEFONE UNAKULA NINI?



Tumepokea karatasi nyingi za maulizo juu ya mchezo wa telefone ambao vijana wa internati wanaucheza saa ya mapumziko, na wengine, tuseme kweli, hata saa ya kujifunza mangaribi. Jina lake ni Hungry Dragon, ni kusema Joka Mwenye Njaa. Karatasi moja inauliza: «Mtoto wa Kanisa anaweza kujifanya joka, ama iko zambi?» Ingine inauliza: «Wanasema mchezo ni wa bure. Sababu gani mega zangu zinaisha?» Tutajibu yote mawili, lakini swali la mega ndilo litatukamata wakati mrefu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu ulitolewa mwaka 2018 na Ubisoft, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1986 na ndugu watano wa jamaa ya Guillemot. Walioutengeneza walikuwa wakitumika Barcelona, katika inchi ya Hispania. Mbele yake kulikuwa michezo mingine ya namna ileile juu ya papa mwenye njaa (papa wa bahari, ule samaki mwenye meno, si papa wa nyumbani).

Katika hadisi za zamani za Ulaya joka ni adui. Anakaa katika pango, anachoma vijiji, halafu shujaa anakuja na upanga. Hapa wameigeuza hadisi: wewe ndiye joka. Unatia kidole kimoja juu ya kioo cha telefone, na kule unakokivuta ndiko joka anaruka. Kidole cha pili kinamwongeza mbio. Chini yako unaona milima, vijiji, kondoo, ndege, wachawi wanaopita juu ya ufagio, na watu wa kijiji wanaokimbia. Unavikamata na kuvila. Joka mdogo hawezi kumeza vitu vikubwa, ukijaribu, utaumia. Ukila vya kutosha, joka anaanza kutema moto, vyote vilivyo mbele yake vinaungua, na pointi zinapanda haraka. Basi, ni hayo tu. Mtoto wa miaka sita anaweza kuyafahamu kwa dakika moja.

Lakini juu ya kioo kuna mstari mmoja wa uzima. Mstari huo unapunguka wenyewe, bila adui kukugusa. Ukila unapanda kidogo, ukiacha kula unashuka. Ukifika mwisho, joka amekufa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme joka ana uzima wa 100, anapoteza 2 kila segonde, na kondoo mmoja anamrudishia 6. Basi kila segonde tatu lazima apate kondoo, zaidi ya kujikinga na hatari za njia. Akikaa segonde 50 bila kula, kwisha. Ndiyo sababu mchezaji hawezi kuinua macho hata mwenzake akimwita kwa jina. Si kiburi. Akiinua macho, joka anakufa. Tena hakuna mahali panapoitwa mwisho, hakuna kushinda. Kuna kufa mapema ao kufa nyuma kidogo, na kuanza tena.

(Wenye kusoma biolojia watacheka. Joka ana magamba sawa mamba, na mamba anaweza kukaa miezi bila kula. Wanyama wanaokufa mbio kwa njaa ni wale wadogo sana wenye damu ya moto, wengine ndani ya masaa machache tu. Watu wa Barcelona wamechukua mwili wa mamba mkubwa na kutia ndani yake njaa ya panya.)

FEZA INAINGIA WAPI?

Namna hii ya kucheza haikuzaliwa na telefone. Mwaka 1978, katika inchi ya Yapani, kampuni Taito ilitoa mashini ya mchezo jina lake Space Invaders, na mwaka 1980 Namco ilitoa Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani. Huyu Pac-Man ni kinywa cha rangi ya manjano kinachotembea na kula, hakina kazi ingine. Mashini hizo zilikuwa kubwa sawa kabati, ziliwekwa katika mabaa na maduka, nazo zilikuwa na tundu la kutilia makuta. Unatia sarafu, unacheza, unakufa, unatia ingine. Mwenye mashini hakupata faida kama mtu mmoja alicheza saa mbili na sarafu moja. Kwa hiyo mchezo ulipaswa kuwa mwepesi kuanza na mgumu kudumu. Tena ukifa, ufe na kusema: «Ah, ilibaki kidogo tu!»

Telefone haina tundu la sarafu. Watu walidownload mchezo mara moja, na wengi hawakutaka kulipa kitu. Halafu mwaka 2009 Apple iliruhusu wenye michezo wauzishe vitu ndani ya mchezo wenyewe, na duka la Google lilifuata. Ndipo tundu la sarafu lilirudi, lakini sasa limefichwa.

Muangalie namna joka letu linavyofanya. Mle ndani mna feza za namna mbili. Sarafu za zahabu unaziokota ukicheza. Vito vinapatikana kwa shida, ila ukitoa feza ya kweli unavipata palepale. Joka akikufa, unapewa ruhusa ya kumfufua kwa vito, na unapewa ruhusa hiyo wakati mzuri kabisa: moyo unapiga, pointi zako karibu kupita za rafiki. Saa ile hakuna anayepiga hesabu. Hata vito vyenyewe vimewekwa kwa kusudi. Mtu anajua uzito wa franka elfu tano, lakini vito makumi mawili ni uzito gani? Mbele hujajibu, umekwisha kuvitoa.

Iko pia mayai. Unayaokota, unayaatamia, na ndani mnatoka kanyama ka kukusaidia, lakini hujui kanyama gani mpaka yai lipasuke. Jambo la kulipa bila kujua utapata nini limesumbua serikali za inchi mbalimbali. Kule Ubelgiji, mwaka 2018, wakubwa wanaochunga michezo ya bahati walisema kwamba masanduku ya namna hiyo, waliyoyakuta katika michezo mingine ya kompyuta, ni kamari sawa kamari ingine na yanavunja sheria. Hawakusema juu ya joka letu. Lakini anayefahamu kamari ya kando ya soko atafahamu yai.

Sasa wengi wenu mnasema: «Sisi hatuna karte ya banki, hatulipi kitu.» Ni kweli, hamulipi vito. Munalipa kwa njia ingine. Joka akikufa unaweza kumfufua pia kwa kuangalia video ya tangazo. Mwenye bizaa ndiye anamlipa mwenye mchezo juu ya macho yako, na video ile inapita ndani ya mega zako, zile ulizonunua na feza ya mkate. Mara tatu, mara ine kwa mangaribi moja, na kesho huwezi kupokea kazi ya hesabu ambayo mwalimu ametuma kwa WhatsApp. Huyo mwenye kuuliza swali la pili, hapo ndipo mega zake zimeenda.

JUU YA JOKA LA BIBLIA

Katika Ufunuo sura ya 12 kuna joka mkubwa mwekundu, vichwa saba, pembe kumi, anayengoja kula mtoto wakati wa kuzaliwa. Wachina, wao, tangu zamani wanamheshimu joka wao kama mwenye kuleta mvua. Kwa hiyo picha ya joka haina maana moja kwa watu wote, na sisi hatuoni kwamba kusukuma picha kwa kidole ni kumwabudu Shetani. Tutampa mwalimu wa dini nafasi katika gazeti hili kama anafikiri ingine. Tunaongeza jambo moja tu. Katika Biblia ya ndugu Wakatoliki, Danieli sura ya 14, iko hadisi isiyokuwa katika Biblia yetu: Danieli anamwua joka wa Babeli bila upanga. Anapika lami, mafuta na nywele, anafanya mikate, joka anaimeza yote na kupasuka.

Kwa wenye telefone za wazazi: ndani ya duka la Google, upande wa parametre, unaweza kuamuru telefone iombe neno la siri mbele ya kila kununua. Papa ao mama ndiye alishike neno hilo, si wewe. Ukikata mtandao mbele ya kucheza, video za matangazo haziwezi kuingia. Na mwenye kutaka kujua hesabu yake mwenyewe afungue parametre za telefone, mahali pa matumizi ya mtandao. Pale programu zote zimepangwa kwa majina, na kila moja imeandikiwa mega ilizokula mwezi huu.